Mtu Lazima Abaki na Viatu

Mkitaka kunichangamsha, nitajieni Matroni. Nikiwa nimechoka vipi, nikiwa nimegombana na mudiri wangu, yaani bosi wa mabasi, au nimekaa kwenye foleni ya magari ya Al Wakrah, huku Qatar, mpaka miguu imekufa ganzi, mtu akilitaja tu jina hilo mimi huanza kucheka peke yangu na wenzangu huanza kuniangalia.

Jina lenyewe tulimpa sisi. Hospitalini kwake hakuwa matroni hata kidogo. Alikuwa nesi kama manesi wengine, na juu yake walikuwapo wakubwa wengi tu waliokuwa wakimwamrisha. Lakini akitoka nje ya lango lile, amri zote alizomeza wiki nzima alizitapika juu yetu. Akisema "Kaa hapo", ulikaa, hata kama hapakuwa na kiti. Mimi, mtu mzima wa Mombasa, mwenye mke na ndevu zangu, siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa gari kabla sijamjua ni nani. Naye akaingia, akatazama viti, akaniambia, "Dereva, hiki kiti kina biskuti za watoto. Pangusa." Nikapangusa. Wallahi sijui kwa nini.

Basi lile lilikuwa la shule. Siku za wiki nilibeba watoto wa watu, na Ijumaa mudiri aliniachia nilitumie, mradi nilirudishe limeoshwa na tangi limejaa. Ndivyo tulivyoanza kutembea. Doha hata kanisa ni Ijumaa, kwa hiyo manesi walikuwa wakitoka ibada yao, mimi nikitoka msikitini, tunakutana mlangoni mwa jengo la manesi kule Al Wakrah. Na alasiri ikitukuta popote, Matroni hakuruhusu gari liondoke kabla sijaswali. Kuna siku Shiru, nesi kijana aliyekaa naye chumba kimoja, alilalamika kwamba tunachelewa. Matroni akamgeukia. "Wewe Mungu wako umemaliza naye asubuhi. Wa Dereva bado wanazungumza. Subiri." Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni haya kusema.

Sasa niwaambie tulikuwa tukienda wapi, maana hapo ndipo penye raha yote.

Manesi wengi wa Doha wana safari nyingine moyoni. Wanafanya kazi hapa huku jicho moja liko Ulaya. Matroni jicho lake lilikuwa Ayalandi, na si mji mkubwa, la. Wenzake wote walitaka Dublin. Yeye alisema Dublin wanakwenda watu wanaopenda maduka. Alikuwa ameona kwamba hospitali moja ndogo ya shamba huwa inaajiri manesi, akautafuta mji wenyewe kwenye simu, akakuta ukurasa ulioandikiwa wageni. Mkija mtaona nini, mtafanya nini, mtembee wapi. Basi mama huyu akaupenda ule mji kabla hajaomba hata hiyo kazi. Aliuita "Mji" tu, sisi sote tukajua ni upi. Ukurasa ule alikuwa ameuhifadhi kwenye simu, na kila tukipata nafasi ya kunywa karak, chai nzito ya maziwa ya barabarani, alitusomea.

Kulikuwa na ziwa, na katikati ya ziwa kisiwa chenye magofu ya watawa wa zamani, na watu hulivuka kwa vijimashua vya kupiga kasia. Kulikuwa na kilima ambacho kila anayepanda huokota jiwe chini akaliweke juu. Kulikuwa na mnara wa ngome katikati ya malisho, ng'ombe wanajikuna kwenye kuta zake. Kulikuwa na njia ya mbao iliyopita juu ya bwawa la matope meusi, na farasi wa kukodi, na msitu wenye vibao vya kuonyesha njia ili asipotee mtu. Tena kulikuwa na reli ya zamani ambayo wameing'oa vyuma na kuifanya njia ya baiskeli.

"Wameing'oa wenyewe?" Okello aliuliza. Huyu alikuwa mlinzi, Mganda, anakaa kule Industrial Area, mtaa wa viwanda, kwenye chumba cha watu wengi, na Ijumaa alipanda basi la kampuni mpaka mjini ili tumchukue. "Kwetu mtu aking'oa reli, anafungwa."

"Serikali ndiyo imeng'oa," Matroni akasema.

"Basi nayo ifungwe."

Tulicheka mpaka muuza chai akatoka kututazama. Matroni hakucheka. Aliendelea kusoma: saa za kufungua, mahali pa kuegesha gari, viatu vya kuvaa. Kwake yale hayakuwa ya mchezo, yalikuwa maandalizi.

Maana nia yake ilikuwa hii: kila kitu kilichokuwa kwenye ule Mji, tukitafutie mwenzake hapa Qatar, twende tukakifanye. "Tunajizoeza," alisema. Hilo ndilo neno lake, nimelisikia mpaka limeniingia damuni. Ukilalamika jua, tunajizoeza. Ukilalamika njaa, tunajizoeza. Ngome yake ilikuwa ule mnara wa zamani kule Umm Salal. Alituzungusha pale, akatueleza habari za ngome ya Ayalandi, nani alimchomea nani, huku tukiangalia mnara wa Waarabu. Okello alikataa kuingia ndani. Alisema yeye wiki nzima kazi yake ni kusimama mlangoni, akiona mlango wa zamani miguu inasimama yenyewe. Malisho yake yalikuwa kishamba kimoja huko huko Umm Salal, ambako mwenye kondoo alituruhusu tupite kati ya kondoo wake. Tulipita. Tuliangalia kondoo. Kondoo walituangalia. Matroni akasema vizuri sana, sasa tunajua, na tukarudi garini.

Siku ya kilima ndiyo ilinivunja mbavu. Kilima tulikitafuta Zikriti, upande wa magharibi, kule kwenye majabali yaliyochongwa na upepo. Barabara ya mwisho ni changarawe tupu na nilikuwa naendesha huku naombea springi za mudiri. Tukafika. Matroni akafungua mfuko mkubwa, akaanza kugawa makoti ya mvua. Ya plastiki, ya manjano, yenye kofia. Ukurasa wa Mji ulikuwa umeandika kwamba kilimani mvua yaweza kunyesha wakati wowote, kwa hiyo kila mpandaji aje amejiandaa. Nikamwambia, "Matroni, hapa mvua haijaonekana tangu niamke." Akasema, "Dereva, mvua haikupigii simu. Vaa."

Tukavaa. Watu wazima, juani, jangwani, tumejifunika manjano kuanzia kichwani, kila mmoja na jiwe mkononi, tunapanda jabali kwa mstari. Chini yake familia ya Kiqatari ilikuwa imetandika zulia, wanachoma nyama. Mzee wao akasimama. Akatutazama sisi, akatazama mbingu, akatutazama sisi tena. Halafu akaniuliza kwa Kiarabu, kwa heshima kabisa, kama kuna habari ya mvua. Ningemjibu nini? Nikasema inshallah. Akaitikia kwa kichwa, kisha nikamwona anamwambia mwanawe aingize zulia karibu na gari. Tulipotelemka, tumeloa jasho chapachapa, alituletea tende na kahawa, na nadhani mpaka leo anawasimulia watu wake kuhusu Waafrika wanaojua mambo ya mawingu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na uwezo wa kukufanya ufanye jambo la kijinga na ujione umeheshimiwa.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kupendeka saa zote. Alikuwa mgomvi. Aligombana na Shiru kwa ajili ya vijiko, akagombana na mwenye jengo kwa ajili ya lifti, na mimi alinigombeza kwa kupiga honi. Alikuwa akisema mtu anayepiga honi amekosa maneno. Kisha kesho yake akusikie unakohoa, dawa imefika, supu imefika, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni anakuhesabia vijiko vya supu kwa macho. Okello alipougua homa kule chumbani kwao, Matroni alipanda basi la wafanyakazi mpaka Industrial Area, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akaingia akamkuta, akawaamrisha wale wenzake wote wafungue madirisha na waondoe soksi. Okello anasema wale wanaume waliondoa soksi na bado huondoa.

Na alikuwa na jambo lake moja lililonishangaza muda mrefu. Mama huyu asiyeogopa mtu, aliogopa maji.

Ziwa lake tulilipata Al Thakhira, kaskazini, kwenye mikoko. Mahali pazuri, sikilizeni, mimi nimekulia karibu na mikoko na sikutarajia kuiona tena huku kwenye mchanga. Pale wanakodisha kayaki, vile vijimashua vya plastiki vya watu wawili wawili, unapiga kasia mwenyewe ukipita kati ya miti. Tulikwenda mara nyingi kuliko kokote, maana ndipo tulipopapenda wote. Na kila mara ilikuwa hivi: Matroni anatugawa wawili wawili, anakagua majaketi ya kuelea, anakaza kamba za kila mtu mpaka unakosa pumzi, halafu sote tukishaingia yeye anabaki ukingoni. "Na wewe, Matroni?" "Mtu lazima abaki na viatu."

Viatu vyetu vilikuwa vimepangwa pale mchangani. Hakuna aliyewahi kuiba kiatu Al Thakhira. Lakini alisimama navyo kama askari, na kutoka pale alitupigia kelele: kushoto, Okello, kushoto, huko kuna tawi, Shiru kaa katikati. Sauti yake ilipita juu ya maji mpaka ndege wakaruka. Alijua kila kitu kuhusu kupiga kasia. Alikuwa amekisoma. Unyayo wake tu ndio haukugusa maji.

Nilimtania sana. "Matroni, ziwa lako la Ayalandi utalivuka kwa miguu?" Alinijibu kwamba nifunge mdomo na niangalie gari. Siku nyingine nilimtania mbele ya watu akanyamaza, na huyu mama akinyamaza ujue umegusa kidonda. Sikurudia.

Pale pale Al Thakhira ndipo tulipofanya upuuzi wetu mkubwa. Ijumaa moja alipanga twende mchana, kwa sababu ukurasa wa Mji ulisema ziwani kunapendeza zaidi mchana. Tukafika, tukakodi, Mnepali mwenye kayaki akawa anatuambia kitu, anaonyesha saa, na Matroni akamwambia asante, tunajua. Tukaingia ndani ya mikoko tukifurahi. Kumbe maji yalikuwa yanakupwa. Kufumba na kufumbua kayaki imekaa juu ya tope, haiendi mbele wala nyuma, kaa wanatupita wakienda zao. Watu wa bara wale, ziwa wanalolijua halitoki mahali pake. Ilibidi tushuke, tope mpaka mapajani, tukavuta kayaki kwa kamba njia nzima. Kutoka ukingoni ilisikika sauti: "Dereva! Wewe si wa pwani?"

"Wa pwani ndiyo, Matroni, lakini maji siyavuti mimi."

Tulifika tumepakaa weusi kuanzia chini hadi juu. Na nini alichofanya? Aliangalia simu yake, akaangalia sisi, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Haya, njia ya bwawa la matope nayo tumeshaifanya."

Chakula chake sikieni. Alibeba chapati zilizofungwa kwa taulo, na ndengu kwenye chupa ya chai, ndio, chupa ya chai, akisema inakaa moto zaidi. Ukimiminiwa chai siku hizo ulionja ndengu. Mimi nilileta mahamri kutoka kwa mama mmoja wa Kilifi anayepika Al Wakrah, na Matroni aliyadharau hadharani, akisema ni maandazi yaliyojisikia, halafu unamkuta nyuma ya gari anamaliza la mwisho.

Lakini kabla hatujagusa chakula alikuwa na ibada yake. Alitoa simu, akasogea kando, akapiga video nyumbani Kenya. Huko alikuwa na binti yake, mtoto mmoja tu, anayelelewa na nyanya yake tangu hajajua kufunga kamba za viatu. "Ona, mtoto wangu, huu ndio mnara. Ona hawa kondoo. Msalimie Dereva." Mwanzoni kule upande wa pili palikuwa na kelele za furaha, mtoto anataka aonyeshwe kaa, anataka Okello aruke ndani ya maji tena. Tulikuwa kama sinema yake ya Ijumaa. Okello aliruka mara nyingi kwa ajili ya yule mtoto, na Okello si mtu wa kuruka.

Baadaye mtoto akawa binti. Simu ikapokewa, "Mama, nasoma." Halafu ikawa inaita tu. Matroni alituma picha na video fupi badala yake, kila Ijumaa, za mikoko na majabali, akasubiri ile alama ionyeshe kwamba zimeonekana. Zilionekana. Hazikujibiwa.

Na viatu. Kila mtu akienda likizo Kenya alipewa viatu vya kumpelekea yule binti, vimenunuliwa soko la Al Wakrah baada ya Matroni kuvipinda na kuvinusa dukani mpaka mwenye duka akachoka. Kila mara jibu lilirudi lile lile: vizuri, lakini vinabana. Alinunua kwa mguu anaoukumbuka, mguu ukawa umeshaondoka. Shiru akamwambia, "Si uulize tu namba?" Matroni akamjibu kwa hasira kwamba mama hahitaji kuuliza namba ya mguu wa mtoto wake. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Siku aliyonifungulia moyo ilikuwa Zikriti, wengine wakiwa juu ya jabali, sisi wawili tumekaa kwenye kivuli cha basi. Alikuwa ameshafanya mtihani wa Kiingereza, ule ambao nesi asipoufaulu Ayalandi hawamchukui, akaanguka kwenye kuandika, akaufanya tena, akaanguka tena. Na kule Ayalandi, alinieleza, mtoto akishafikia umri wa utu uzima haruhusiwi kumfuata mzazi kirahisi. Kwa hiyo yeye alikuwa akikimbizana na siku za kuzaliwa za binti yake.

"Dereva," akasema, "mimi mtoto nimemlea kwa simu. Sijui anavyotembea. Sijui akichoka anakuwaje. Akija nitampikia, halafu? Tutakaa tunatazamana. Ule ukurasa unaniambia pa kumpeleka. Jumamosi ziwani, Jumapili kilimani. Lakini mimi kutembea na mtu bila kumpa amri sijui. Ndiyo maana najizoeza na nyinyi."

Nilimwuliza kama anataka hamri. Akasema lete.

Tangu hapo sikuliona lile koti la manjano kama kichekesho. Nilivaa bila kuambiwa. Nilipomweleza Okello, naye akaanza kusoma vibao vyote tulivyovikuta njiani kwa sauti, akisema Matroni anahitaji kuzoea vibao. Sote tukawa tunamsindikiza kwenda kwa binti yake, kila Ijumaa kidogo.

Aliufaulu ule mtihani. Siku hiyo nilipiga honi kuanzia hospitalini mpaka Al Wakrah, na kwa mara ya kwanza hakunigombeza, alikuwa mbele pale anapiga dashibodi kwa viganja vyote viwili. Mji wake ukamchukua. Ndio, ule ule Mji, hospitali ile ile. Tulimsindikiza uwanja wa ndege sote, na makoti ya manjano akatuachia, akisema kule atanunua ya kweli.

Kutoka huko alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, na nyuma yake unasikia mvua. Kilima amekipanda, jiwe ameliweka. Ngome ipo, ng'ombe wapo, wanajikuna pale kweli kama ilivyoandikwa. Reli imeng'olewa, mwambie Okello. Ziwa? "Ziwa liko pale pale, Dereva. Nimelitazama." Na karatasi za binti? "Wanazishughulikia." Miezi ikapita, "wanazishughulikia". Binti mwenyewe alikuwa hajasema kama anataka kuja. Hilo aliniambia kwa sauti ya chini, halafu akafuta ule ujumbe, lakini nilikuwa nimeshausikia.

Basi juzi juzi, nikiwa naosha basi, simu ikalia. Karatasi zimetoka. Amekwenda Kenya kumchukua, wanarudi wote wawili, na tiketi inapitia Doha na kusimama kutwa nzima. Wana ruhusa ya kutoka nje ya uwanja. "Njoo na gari safi," akasema. Nilirukaruka pale kwenye povu la sabuni mpaka mudiri akatoka kuuliza kama nimeumwa na kitu. Nikamwomba basi ingawa haikuwa Ijumaa. Akanitazama usoni, akanipa.

Siku yenyewe ikafika, nikawaona wakitoka uwanja wa ndege. Matroni yule yule, mkoba mbele kifuani, anaamrisha masanduku. Kando yake, akiwa amemzidi urefu, binti mwenye vitu vya kusikilizia masikioni na uso uliofungwa. Alinipa shikamoo vizuri, akaingia kiti cha nyuma kabisa. Mama akakaa mbele. Kati yao viti vyote vya basi la shule vilikuwa vitupu, na nilivihisi mgongoni.

Matroni alikuwa na ratiba. Kwanza jumba la makumbusho, kisha soko, kisha chakula, kisha kurudi mapema. Aliisoma kwa ile sauti yake. Tulipofika taa za kwanza, nyuma pakatoka sauti: "Mimi nataka kwenda pale penye miti ndani ya maji."

Matroni akageuka. "Al Thakhira ni mbali. Tutachelewa. Na kule kwetu kuna ziwa zuri zaidi, nimekupangia Jumamosi—"

"Sitaki ziwa, Mama. Nataka pale."

Nilitazama kioo. Binti alikuwa ametoa vile vitu masikioni. Akasema, si kwa ukali, polepole tu, kwamba picha zote anazo. Hakufuta hata moja. Alizijua zote: Okello akiruka, Shiru akilia juu ya kayaki, Dereva amejaa tope. "Kila Ijumaa nilikuwa naangalia mahali mlipokwenda bila mimi. Na wewe humo kwenye picha hata moja. Kwenye video nakusikia tu unapiga kelele, na unasema mtu lazima abaki na viatu."

Mimi sikungoja amri. Siku ile ile aliyonipigia simu nilikuwa nimeshaangalia saa za maji kujaa Al Thakhira, nikajua, kama wangetaka, ni saa ngapi. Nikapinda kuelekea kaskazini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona Matroni amekaa kwenye gari langu bila kuniambia niendesheje.

Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani. Mnepali yule alimkumbuka, akacheka, akaonyesha saa kwa mbali na kuinua dole gumba. Binti akavaa jaketi. Mama akalikaza kamba. Binti akavua raba zake, akaziweka mchangani, akaingia kwenye kayaki akakaa nyuma. Kiti cha mbele kikabaki.

"Haya, nenda polepole," Matroni akaanza. "Shika kasia hivi. Mimi nitakuwa hapa. Mtu lazima—"

Binti akanyoosha mkono. Aliunyoosha tu, akauacha hapo.

Nilimwona mama yule anautazama ule mkono. Aliangalia maji, akaniangalia mimi. Halafu akainama, akavua viatu, akanikabidhi. "Kaka," akasema, na hakuwa ameniita hivyo hata siku moja, "baki na viatu."

Aliingia kwa kupiga kelele, kayaki ikayumba, akashika kingo zote mbili na kufumba macho. Nilisoma dua zote ninazozijua. Wakaondoka. Kabla hawajafika kwenye miti nilianza kuisikia: kushoto, kushoto, hapo kuna tawi, kaa katikati. Na sauti ya binti ikamkata, nyepesi, karibu na kicheko: "Mama, nyamaza kidogo. Piga kasia."

Akanyamaza. Wallahi alinyamaza. Wakaingia kwenye mikoko, nikabaki nasikiliza makasia mawili ambayo hayaendi pamoja, halafu kidogo yanakwenda pamoja, halafu hayasikiki. Nilisimama pale na viatu vyao, mtu mzima, machozi yananitoka, nikafurahi Okello hayupo kuniona.

Walirudi wameloa. Binti alikuwa anasimulia jambo, mikono yote hewani, na mama anacheka kwa mdomo wazi, hajali nani anamtazama. Wakavutana kutoka majini. Nilikuwa nimevipanga vile viatu jozi kwa jozi, lakini Matroni, akiwa bado ameshika simulizi ya binti yake, aliingiza miguu kwenye raba za binti, akafunga kamba, akaanza kutembea kwenda garini akiuliza, "Halafu nyanya akasemaje?"

Zilimtosha sawasawa.

Mimi niliona. Binti naye aliona. Alisimama kidogo akitazama nyayo za mama yake mchangani, kisha akavaa vile vya mama vilivyobaki, akamkimbilia.